Wachawi wa Goya warudi Alameda: barua ya wazi kwa wasimamizi wa El Capricho, Madrid

Kwa Waheshimiwa wa Manispaa ya Jiji la Madrid mnaosimamia bustani na jumba la El Capricho. Nakala kwa wakuu wa Museo del Prado, Museo Lázaro Galdiano na National Gallery ya London.

Waheshimiwa,

Salamu na heshima kwenu nyote.

Naandika kuhusu picha sita ndogo zilizowahi kuwa mali ya jumba mnalolisimamia, na kuhusu namna mtakavyozieleza ndani ya makumbusho ambayo mpango wake umesemwa hadharani kwa miaka mingi. Ombi langu nalitanguliza ili msipate taabu ya kulitafuta. Tundikeni humo ndani nakala nzuri za picha zile za wachawi alizozichora Francisco de Goya, mchoraji wa Kihispania, kwa ukubwa wake halisi, na jirani yake mtenge ukuta kwa michoro mipya ya wachawi inayobuniwa na wachoraji wa leo, wakiwemo wanaotoka katika nchi ambako mtu bado anauawa kwa kuitwa mchawi.

Mimi natoka huko. Nimezaliwa Shinyanga, na hapa Madrid nafanya kazi ya kubuni wahusika wa katuni na gemu. Barua nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka watu wa kwetu waisome na kunikosoa kabla yenu. Tafsiri ya Kihispania mtaipata pamoja nayo.

Wengi wa wasomaji wangu hawajafika Alameda, mtaa wa Madrid ilipo El Capricho, kwa hiyo mniwie radhi nikiwasimulia wao jambo mnalolijua ninyi. Mwishoni mwa karne ya 18, Duke wa Osuna, Pedro Téllez-Girón, na mkewe María Josefa Pimentel, walijijengea jumba la mashambani nje ya Madrid ya wakati ule. Siku hizi uwanja wa ndege wa Barajas uko jirani na bustani hiyo. Mama huyo ndiye aliyekuwa roho ya mahali pale. Alilizungushia jumba lake kila kilichohesabiwa kuwa elimu na ladha njema kwa watu wa daraja lake: uwanja wenye vichwa vya mawe vya Makaisari wa Roma, hekalu dogo la Bacchus, na nyumba ya nyuki yenye vioo ili wageni wawatazame nyuki wakifanya kazi, pamoja na sanamu ya Venus iliyochongwa na Juan Adán. Palikuwa pia na kibanda cha kishamba kinachoitwa Casa de la Vieja, yaani nyumba ya bibi kizee, ambacho ndani yake yaliwekwa madoli yenye ukubwa wa watu ili wageni wajionee maisha ya kijijini bila kufika kijijini. Kibanda hicho bado kipo, na nitakirudia.

Katika jumba la Venus na Makaisari, Duke alilipa mwaka 1798 reali 6,000 kwa picha sita za uchawi.

Ni picha ndogo sana, kila moja karibu sentimita 43 kwa 31. Ungeweza kuishika kifuani kama mtoto wa madrasa anavyoshika ubao wake. Nasisitiza udogo huo kwa sababu wachawi wa Goya wanaojulikana zaidi duniani ni wale wakubwa wa kutisha aliowachora uzeeni juu ya kuta za nyumba yake mwenyewe, ile iliyoitwa Quinta del Sordo, kati ya 1819 na 1823. Picha zile 14 zilibanduliwa ukutani zikahamishiwa kwenye turubai, zikapewa Prado mwaka 1881, na nyumba yenyewe ikabomolewa mwaka 1909. Kule picha zimebaki na jumba limekufa. Kwenu mambo ni kinyume. Jumba limesimama, bustani mliinunua mwaka 1974 na kuitunza vizuri, lakini picha zilitawanyika baada ya ukoo wa Osuna kufilisika na mali zao kupigwa mnada mwaka 1896. Moja iko Prado. Mbili ziko Lázaro Galdiano, papa hapa Madrid. Moja ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka uleule wa mnada. Moja iko Mexico kwa mtu binafsi. Ya sita haijulikani ilipo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Prado, Vuelo de brujas. Watu watatu waliovua nguo za juu wanaelea gizani wamembeba mtu wa nne aliye uchi, na midomo yao imeganda mwilini mwake. Wako wanaosema wanamnyonya, wako wanaosema wanampulizia pumzi. Chini yao kuna wanaume wawili. Mmoja amelala chini ameziba masikio. Mwenzake amejifunika shuka jeupe kichwani, anatembea bila kuona mbele, na mikono yake imefumbatwa huku kidole gumba kikichomoza kati ya vidole viwili, ishara ya Wahispania ya kujikinga na jicho baya. Pembeni amesimama punda, ambaye mimi namwona ndiye mtulivu kuliko wote pale.

Sasa tazameni kofia zao. Ni ndefu, zimechongoka, zimepasuliwa juu kama kofia za maaskofu, na zimechorwa nyoka wadogo. Mtu yeyote wa Madrid ya 1798 aliitambua kofia ndefu ya karatasi. Iliitwa coroza, na ndiyo waliyovikwa waliohukumiwa na Baraza la Kuhukumu Wazushi, mahakama ya dini ya Hispania, walipopitishwa mbele ya umati. Kwa jicho la mtu anayeishi kwa kubuni wahusika, huo ni uamuzi mkubwa kuliko mwingine wowote katika picha ile. Goya alipotafuta vazi la kumvika mchawi, alilichukua kutoka kichwani mwa mshtakiwa. Aliyemvisha mchawi kofia ile alikuwa hakimu kabla ya kuwa mchoraji.

Wachawi wa Lázaro Galdiano ni wa aina nyingine. Katika El aquelarre, beberu mkubwa mwenye pembe zilizovikwa majani ameketi katikati ya wanawake usiku wa mbalamwezi, nao wanamletea watoto wachanga. Mmoja wa watoto hao amebaki mifupa. Katika ile nyingine, wanawake wazee wamemzunguka mtu aliyetolewa kitandani na nguo zake za kulalia, popo na bundi wako juu, na kikapu kimejaa vichanga. Bundi huyo nilimfahamu papo hapo. Kwetu akilia juu ya paa la nyumba watu hawalali. Bahari na jangwa vimetutenganisha na Hispania, lakini ndege wa mchawi ni yuleyule.

Hapo kwenye watoto nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo jumba lenu linaweza kusema neno ambalo kuta za Prado haziwezi. María Josefa Pimentel hakuwa mwanamke wa kukaa akipepewa. Alikubaliwa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Madrid mwaka 1786, wakati kuingia kwa wanawake kulikuwa mjadala mkubwa, na akawa mkuu wa kwanza wa Junta de Damas, umoja wa wanawake uliozaliwa humo mwaka uliofuata. Mwaka 1799 umoja huo ulikabidhiwa Inclusa, nyumba ya watoto wachanga waliotupwa ya Madrid, ambako vichanga walikuwa wakifa kwa wingi wa kutisha kwa njaa, maradhi na uhaba wa wanyonyeshaji. Yaani mwaka mmoja baada ya picha za wachawi wanaokula watoto kuingia katika mali ya nyumba yake, wanawake wenzake wa Junta walikuwa wakihangaikia watoto halisi wanaokufa kwa sababu halisi. Sidai kwamba alizinunua picha kwa ajili ya somo hilo. Huenda zilikuwa burudani ya wageni tu; mbili kati ya hizo sita zinatokana na michezo ya jukwaani ya Antonio de Zamora, na ile ya London inaonyesha mtu aliyeaminishwa kwamba atakufa taa ikizimika, anamimina mafuta huku amejiziba mdomo kwa woga. Watu wa daraja lile walicheka. Lakini mgeni akiingia leo katika jumba, akaona beberu na vichanga, kisha akasoma mstari mmoja kuhusu Inclusa, atajiuliza swali la maana: mtoto akifa, tunatafuta ugonjwa au tunatafuta bibi?

Hispania ililijibu swali hilo kwa moto kabla ya kulijibu kwa akili. Novemba 1610, mjini Logroño, watu sita walichomwa wakiwa hai kwa kosa la uchawi, na wengine watano waliokwisha kufa walichomwa kwa sanamu zao. Wengi walitoka Zugarramurdi na vijiji vya jirani, karibu na mpaka wa Ufaransa. Mmoja wa mahakimu watatu waliosikiliza kesi ile, Alonso de Salazar Frías, alitumwa mwaka uliofuata kuzunguka vijijini, akarudi na maelezo ya watu zaidi ya 1,800, wengi wao watoto. Aliwahoji mmoja mmoja kuhusu mahali na saa za mikutano yao, akayajaribu marhamu yao kwa wanyama yakaonekana hayana kitu, na akaandika kwamba hakukuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuwazungumzia na kuwaandika. Mwaka 1614 Baraza likatoa maagizo yaliyozima moto ule. Rafiki wa Goya, mwandishi Leandro Fernández de Moratín, baadaye aliichapisha upya taarifa ya hukumu ya Logroño pamoja na maelezo yake ya kuikejeli. Goya mwenyewe alipotoa Los Caprichos, michoro 80 iliyoanza kuuzwa Februari 1799, alikuwa akichora kwa watu waliokuwa na mazungumzo hayo midomoni. Osuna walikuwa wamenunua seti nne kabla hazijatangazwa.

Nimemweka Salazar hapa kwa sababu amelisema jambo langu lote miaka 400 iliyopita: mchawi ana mtu aliyembuni. Kuna mkono uliochagua pua yake, umri wake, mnyama wake, chombo chake cha kusafiria. Mkono wa mchoraji unaonekana. Ule wa jirani mwenye chuki hauonekani, na ndiyo maana unaua.

Usukumani, tulikotoka mimi na wazazi wangu, mchawi naye amebuniwa, na umbo lake linajulikana hadi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Ni kikongwe, mara nyingi mjane. Macho yake ni mekundu. Usiku anawanga uchi, anapaa kwa ungo, anampanda fisi. Kila kipande cha umbo hilo kina asili yake ukikifuatilia. Macho mekundu ni ya mwanamke aliyepikia kuni, mabua na samadi kavu maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha. Ujane maana yake ni kwamba hana wa kumtetea, na mara nyingi kwamba ana shamba ambalo wengine wanalingojea. Familia ikipatwa na msiba huenda kwa mganga, mganga hupiga ramli, hatamki jina, hutaja sifa. Bibi, upande wa mashariki, macho mekundu. Wenye msiba wanarudi nyumbani na umbo mkononi, wanatafuta wa kulivaa. Kwetu tunaiita ramli chonganishi, na baada yake huja wakata mapanga. Sheria ya uchawi tuliyoachiwa na wakoloni, ya mwaka 1928, haijawahi kuwalinda bibi hawa ipasavyo. Jirani wa wazazi wangu aliuza mbuzi wake wote na kuhama usiku, akiwa na miaka ambayo mtu hapaswi kuhama.

Wakenya msijione mko mbali. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizihizi. Kilifi wazee wanaogopa mvi zao wenyewe. Julai ya mwaka huohuo Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio dhidi ya ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi, hati ninayotamani kila mwenyekiti wa kijiji aisikie ikisomwa kwa lugha anayoielewa. Nanyi pia, waheshimiwa, mna jirani aliyekwisha kuanza: Januari 2022 Bunge la Catalonia lilipitisha azimio la kurudisha heshima ya mamia ya wanawake waliohukumiwa kwa uchawi katika karne zilizopita.

Nije kwenye kazi yangu. Studio moja niliyowahi kuifanyia kazi iliniagiza mchawi wa Kiafrika kwa ajili ya gemu. Maelezo yaliyokuja yalikuwa mafupi: mwanamke, mzee sana, macho mekundu yanayowaka, mgongo umepinda, fupa mkononi. Niliyasoma mara ya pili nikasikia mwili unapoa, maana yalikuwa maneno ya ramli. Walioyaandika hawakuwa wabaya. Walikuwa vijana waliokusanya picha kutoka intaneti, na picha hizo zilikuwa zimekusanywa kutoka picha nyingine, hadi huko nyuma ambako hakuna anayekumbuka tena jiko lisilo na dirisha. Niliwachorea mwingine: msichana wa miaka 20 hivi, fundi wa redio, mwenye ungo alioufuma kwa nyaya za shaba, na fisi anayemwogopa msichana huyo zaidi ya watu wanavyomwogopa fisi. Walimkataa. Haidhuru. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wachoraji wenzangu, Wahispania, Wakongo, Wakolombia, mchawi wao anatoka wapi, na majibu yao yamenishangaza kwa utajiri. Kuna wachawi wenye magamba ya pweza, wachawi wanaoishi ndani ya mashine za kufulia, wachawi ambao kofia yao ni mzinga wa nyuki. Yupo mwenzangu mmoja aliyechora coroza ya Goya ikiwa imeandikwa ndani, mahali ambapo kichwa tu kinaweza kusoma, majina ya waliomshtaki aliyeivaa. Mchoro ule ungewekwa mita mbili kutoka Vuelo de brujas, usingehitaji maelezo.

Najua mtaambiwa kwamba katuni na sanaa ya kale havikai chumba kimoja. Nendeni basi Casa de la Vieja, mkajikumbushe kwamba mwenye nyumba aliweka madoli mita chache kutoka kwa Venus wake na hakuona haya. Nendeni Vicenza, kwenye Villa Valmarana ai Nani, ambako mwaka 1757 Giambattista Tiepolo alichora visa vya Iliadi na Aeneidi, tenzi za kale za Ugiriki na Roma, katika vyumba vya nyumba ileile aliyomchora Armida, mwanamke mchawi anayemteka shujaa kwa uzuri wake. Nendeni Roma, katika jumba la Borghese: Dosso Dossi amemkalisha mchawi wake ndani ya duara la herufi za ajabu, amemvika kilemba na nguo za kifalme, na juu ya mti ametundika vijitu vidogo. Wengine wanamwita Circe, wengine Melissa. Hao nao walikuwa wahusika waliobuniwa kutokana na hadithi zilizopendwa wakati huo, na mabwana wa majumba waliwaagiza kwa furaha. Kizazi chetu kinapenda hadithi zake katika gemu na vibonzo. Ufundi ni uleule: umbo linalotambulika kwa mbali, vazi linalosema habari, mnyama wa kufuatana naye, na uso usiosahaulika.

Mtaambiwa pia kwamba watoto wataogopa. Watoto wa Shinyanga wanaogopa tayari, na wa Madrid wanavaa kofia nyeusi ya plastiki kila mwisho wa Oktoba. Ninachowaombea ni kumwona mchawi akiwa bado kwenye karatasi, wino ukiwa haujakauka, amefutwa pua mara tatu. Mtoto aliyeona hivyo hawezi kuaminishwa kirahisi kwamba umbo lile linatembea usiku. Kwa hiyo katika ukuta huo msitundike michoro iliyokamilika peke yake. Wekeni na rasimu, zile chafu, zenye mishale na maneno ya pembeni, pua ya kwanza na pua ya nne. Wekeni meza na karatasi ili mgeni naye abuni wake, na mmwulize swali moja tu la maandishi: umemchukua kwa nani?

Kuhusu picha zenyewe sina tamaa isiyo na kiasi. Prado haitaachia Vuelo de brujas kwa muda mrefu, na sina hoja ya kuilazimisha. Nakala zilizopigwa kwa vipimo halisi, zikachapwa vizuri na kuwekewa mwanga hafifu, zitatosha kwa mwaka mzima. Lakini Lázaro Galdiano iko upande wa pili wa mji uleule. Je, ni vigumu kiasi gani picha zake mbili kulala Alameda kwa wiki chache, mara moja kila baada ya miaka kadhaa, chini ya ulinzi wenu? Na London, ambayo inayo ile ya taa tangu mwaka wa mnada, ikiombwa rasmi na jiji, si na mchoraji mmoja kama mimi, itasikiliza. Kwa ile iliyopotea, El convidado de piedra, wekeni fremu tupu yenye vipimo vilevile. Msiijaze kwa kitu chochote.

Vibandiko vya maelezo ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu ndipo makumbusho mengi huharakisha. Naomba waliochomwa Logroño watajwe katika chumba hicho kwa majina, wale ambao kumbukumbu za Baraza zimehifadhi majina yao. Naomba coroza ielezwe ilikuwa nini. Naomba pia sentensi moja isiyokwepa, inayosema kwamba watu wanaitwa wachawi na kuuawa leo, katika nchi zinazotajwa, zikiwemo Tanzania na Kenya. Baadhi ya ndugu zangu wataniambia nawaaibisha mbele ya Wazungu. Nimewaza sana juu ya lawama hiyo. Nadhani aibu yetu inapungua pale inapowekwa chumba kimoja na ya Logroño, ambapo mgeni wa Madrid hawezi kuitazama ya Shinyanga bila kwanza kuipita ya babu zake.

Wachoraji waitwe kwa mwito wa wazi, na mwito huo ufike Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi na Bujumbura kwa Kiswahili, si kwa Kihispania peke yake. Kazi ni za kidijitali nyingi, hazihitaji kusafirishwa kwa meli, zinahitaji kulipwa. Mkilipa kila mchoro bei ya haki, hata kama ukuta ni wa michoro 12 tu kwa mwaka, mtakuwa mmefanya kwa kizazi hiki jambo ambalo Duke alilifanya kwa Goya. Na jambo la mwisho kuhusu saa: bustani hufunguliwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shule haziji siku hizo. Tengeni walau asubuhi moja ya katikati ya wiki kwa ajili ya wanafunzi, hasa wa mitaa ya karibu ya Barajas na San Blas, ambako wanasoma watoto wengi wa wahamiaji wenye mabibi waliobaki vijijini.

Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia, na michoro yangu pamoja na ya wenzangu walioniruhusu kuionyesha. Rasimu ya maandishi ya vibandiko nimekwisha kuiandika kwa Kihispania na Kiswahili, nami nitaileta ili mtaalamu wenu wa historia aipitie na kuisahihisha. Ninachoomba kutoka kwenu kwa sasa ni jina la idara inayohusika na tarehe ya kikao.

Wenu kwa heshima,

Mchoraji wa wahusika, mzaliwa wa Shinyanga, mkazi wa Madrid